Nyuso nyeusi ti, kanzu nyeupe pe: ninunue simu gani?

Swali: "Shikamoo mtaalamu. Mimi niko Tanga, napenda sana kupiga picha lakini nina simu ya kawaida tu. Kwenye harusi ya binamu yangu nilipiga picha nyingi mchana, nyuso zikatoka nyeusi na kanzu zikawa nyeupe kiasi kwamba hata darizi haionekani. Jioni nikienda Raskazone kupiga machweo, picha zinatoka kama za kila mtu. Natamani nipige picha zenye ubunifu. Nina laki tano, ninunue simu gani?"

Marahaba, mdogo wangu. Hiyo laki tano iweke kwanza. Kwa maelezo yako simu haijaishiwa uwezo. Imeachiwa iamue jambo ambalo ulipaswa kuamua wewe: mwanga uingie kiasi gani, na kwa ajili ya nani. Nyuso za harusini na machweo ya Raskazone ni tatizo hilohilo moja.

Kamera ikiachwa ijiendeshe, inakisia. Inapima mwanga wote ulio kwenye fremu, kisha inajaribu kuusawazisha uwe karibu na kijivu cha kati, kile wapiga picha wanachokiita kijivu cha asilimia 18. Elekeza simu kwenye ukuta mtupu uliopakwa chokaa: itadhani mwanga umezidi, itapunguza, na ukuta utatoka wa kijivu. Elekeza kwenye buibui jeusi mpaka lijaze kioo chote: itadhani kuna giza, itaongeza, na buibui litatoka limepauka. Simu za siku hizi zinatambua uso na kujaribu kuupendelea, lakini msingi wa hesabu ni huohuo.

Sasa turudi kwenye harusi. Wanaume wamesimama uani saa saba mchana. Jua linapiga mabegani, na kanzu inarudisha karibu mwanga wote unaoiangukia. Uso uko kwenye kivuli cha kofia, na ni wa ngozi nyeusi, ambayo yenyewe inarudisha mwanga kidogo. Tofauti kati ya bega na shavu ni kubwa kuliko kamera ndogo ya simu inavyoweza kubeba kwa mkupuo mmoja. Ikiokoa kanzu, uso unazama. Ikiokoa uso, kanzu inaungua. Ikitafuta katikati, unapata ulichopata wewe: hasara pande zote mbili.

Na hili la ngozi lina historia yake. Kuanzia miaka ya 1950 kampuni ya filamu ya Kodak ilikuwa ikipelekea maabara za kusafishia picha kadi yenye picha ya mwanamke mweupe, iliyokuja kujulikana kwa jina la Shirley. Mafundi walirekebisha mashine zao mpaka ngozi yake itoke vizuri, na hapo kazi ikahesabiwa imekamilika. Malalamiko yaliyoisukuma kampuni kuboresha rangi za kahawia yalitoka kwa watengenezaji wa chokoleti na wa samani za mbao, ambao bidhaa zao zilikuwa zikitoka rangi moja tu. Kadi zenye watu wa rangi mbalimbali zilikuja kuenea miaka ya 1990. Upande wa simu, Google ilitangaza mwaka 2021, pamoja na simu yake ya Pixel 6, mfumo iliouita Real Tone uliolenga ngozi nyeusi zitoke jinsi zilivyo. Mwaka 2021! Kwa hiyo simu ikikosea uso wa mjomba wako, usishangae. Mashine hizi zimeanza kufundishwa juzi tu.

Basi kabla ya harusi nyingine, fanya zoezi hili nyumbani. Mwombe bibi, au mtu mzima yeyote mwenye subira, aketi kwenye kiti hatua moja ndani ya mlango wa mbele, akiangalia nje. Iwe kama saa nne asubuhi, kwa mlango ambao jua haliingii moja kwa moja. Wewe simama nje, pembeni kidogo ili usimzibie mwanga. Zima flashi. Futa lenzi kwa kitambaa cha pamba kilicho kikavu, maana ukikaa karibu na bahari lenzi inashika ukungu wa chumvi, na mafuta ya vidole yanamalizia. Picha nyingi zinazosemekana "hazina ubora" zimepigwa kupitia uchafu.

Sasa gusa shavu lake kwenye kioo na ushikilie kidole mpaka simu ioneshe kwamba imefunga. Kwenye simu nyingi kitatokea kijua kidogo pembeni ya alama ya kulenga. Kiburute chini taratibu, macho yako yakiwa kwenye picha. Kwanza chumba kilicho nyuma yake kinazama gizani, makabati na kalenda ya ukutani vinapotea. Halafu kanga yake nyeupe inarudisha mikunjo, unaanza kuona ncha za pindo. Mwisho unabaki mng'ao kwenye paji la uso, kwenye mfupa wa shavu na ubavuni mwa pua. Simama hapo. Ukiendelea kushusha, macho yatakufa.

Mwambie ageuze uso kidogo kuelekea upande mmoja wa mlango, nusu ya uso iingie kivulini. Halafu kuza picha uangalie mboni ya jicho: utaona kipande kidogo cheupe, ni mlango wenyewe umejiakisi. Kipande hicho kikiwepo, mtu anaonekana yuko hai. Kisipokuwepo, hata simu ya milioni tatu haitakusaidia.

Wengi hukosea hapa kwa kufanya kinyume. Wakiona uso ni mweusi, wanaongeza mwanga mpaka ngozi inageuka rangi ya majivu na kila kilicho nyuma kinaungua. Ngozi nyeusi inapendeza kwa mwanga unaotoka upande mmoja, mpana na laini, unaoiacha iwe nyeusi na kung'aa panapostahili kung'aa. Mlango, dirisha, kivuli cha baraza, ukuta mweupe ng'ambo ya kichochoro unaorudisha jua: hizo ndizo taa zako, na hakuna anayekutoza.

Harusini, basi, kazi yako ya kwanza ni kuhamisha watu kabla hujagusa kitufe. Waondoe juani uwapeleke chini ya mwembe au upande wa nyumba wenye kivuli, na uhakikishe wote wako kwenye kivuli kilekile, maana nusu juani nusu kivulini ni balaa. Chini ya mwembe angalia pia madoa ya jua yanayopenya kati ya majani. Doa moja juu ya pua linaharibu picha nzima. Kama mwenye shughuli amekataa kusogea, omba shuka jeupe ulitandaze chini mbele ya miguu yao, nje ya fremu. Litarudisha mwanga juu mpaka chini ya kofia. Watacheka. Wakiona picha wataacha.

Tanga iko kama digrii 5 kusini ya ikweta. Mwanzoni mwa Machi na mwanzoni mwa Oktoba jua la mchana linapita utosini kabisa, na hata miezi mingine, kuanzia saa nne mpaka saa tisa, linakaa juu mno kwa ajili ya nyuso. Tundu za macho zinageuka mashimo. Saa hizo piga vitu vingine: panda ghorofani upige waendesha baiskeli kutoka juu, kivuli kikiwa kimejibana chini ya magurudumu.

Jambo la pili ni umbali. Kamera kuu ya simu nyingi inaona eneo pana, sawa na lenzi ya milimita 24 au 26 kwenye kamera kubwa. Ukimsogelea mtu mpaka nusu mita, pua inakua, masikio yanakimbilia nyuma, na bibi harusi anakununia bila kukwambia sababu. Rudi nyuma hatua mbili tatu, kisha tumia zumu ya mara 2. Simu yenye megapikseli 48 au 50 inapozumu mara 2 huwa inakata kipande cha katikati ya picha, na bado kinabaki kama megapikseli 12, ambazo zinatosha. Zaidi ya hapo, kama simu haina lenzi ya pekee ya kuvuta mbali, inabuni kile isichokiona. Songa kwa miguu.

Ile hali ya kufifisha mandhari ya nyuma itumie kwa tahadhari. Simu inakisia mpaka wa mtu uko wapi, na inakosea zaidi kwenye nywele za afro, hereni na ukingo wa mtandio mwepesi. Bora umwondoe mtu ukutani, umweke mita tatu nne mbele yake, na umtafutie mandhari ya nyuma iliyotulia. Na ile hali ya urembo inayolainisha ngozi izime leo. Inafuta chale, inalainisha hina mikononi, na inawafanya mabinamu wote wafanane.

Sasa Raskazone. Machweo yako yanafanana na ya kila mtu kwa sababu wote mnasimama wima, simu usawa wa kifua, jua katikati, kisha mnaiachia simu. Nayo inafanya ilivyofundishwa: inapiga fremu kadhaa kwa haraka, inaziunganisha, na inanyanyua kila penye giza ili pawe na maelezo. Kwa risiti ya duka hilo ni jambo jema. Kwa machweo linaua kila kitu, maana nguvu ya picha ile iko kwenye giza lenyewe.

Gusa anga pembeni ya jua, si jua lenyewe, funga, kisha buruta kijua chini mpaka bahari iwe nzito na rangi ya anga ikolee. Hapo chochote kilicho mbele yako kitakuwa kivuli kitupu, kwa hiyo umbo lake ndiyo picha yako yote. Tanga Mungu amewajalia baiskeli; hakuna kitu chenye umbo zuri kwa kazi hii kuliko baiskeli iliyopandwa na mtu. Lakini ukisimama wima, mstari wa upeo wa bahari utampita mwendeshaji shingoni, na kichwa kitaonekana kimekatwa. Piga goti. Shusha simu mpaka mwili wake wote uhame kutoka kwenye maji uje kwenye anga, upeo ubaki chini, usawa wa magurudumu. Angalia kilicho nyuma: ngalawa ikiwa palepale anapopita, maumbo mawili yataungana yawe dude moja lisiloeleweka. Sogea kidogo kulia au kushoto mpaka kuwe na uwazi kati yao.

Halafu ngoja. Usimfukuze mwendeshaji, tengeneza fremu yako tupu kwanza, na umwache aingie mwenyewe. Akiingia piga mfululizo, simu nyingi zinaruhusu kwa kushikilia kitufe au kukiburuta pembeni, kisha nyumbani chagua ile moja ambayo goti limepanda juu na kati ya miguu na fremu ya baiskeli unaona anga. Zile nyingine futa bila huruma.

Jua likishazama watu wanakung'uta mchanga na kuondoka. Wewe baki. Kwenu jua huzama kati ya saa kumi na mbili na robo hivi na saa moja kasorobo, kutegemea mwezi, na kwa kuwa tuko karibu na ikweta linashuka karibu wima, kwa hiyo giza halichelewi: una dakika ishirini na ushei tu. Ndani ya hizo kuna kipindi kifupi ambapo anga bado ni la buluu na taa ya muuza chipsi au mshikaki imeanza kutawala, vyote viwili vikiwa na nguvu sawa. Kabla ya hapo taa haionekani. Baada ya hapo anga ni jeusi na taa inaunguza kila kitu. Uwe umeshafika mbele ya meza yake na umeshamsalimu. Egemeza simu ukutani au kwenye kiti, weka saa ya kuhesabu sekunde 3 ili kidole chako kisiitikise, na umwombe atulie kidogo, kwani hali ya usiku inakusanya mwanga kwa sekunde kadhaa na kila kinachosogea kinageuka moshi. Moshi wa jiko acha usogee, huo unapendeza.

Umeniuliza kuhusu ubunifu, na naona wengi wanaudhania ni filta. Niwataje wakongwe wawili. Seydou Keïta wa Bamako, Mali, aliyefungua studio yake mwaka 1948, alipiga picha zake nyingi uani kwa mwanga wa jua. Nyuma ya wateja alitundika kitambaa; kwa miaka ya mwanzo kilikuwa shuka lake la kitandani lenye nakshi. Filamu ilikuwa ghali, kwa hiyo kwa kawaida alipiga mara moja tu, baada ya kumgeuza mteja, kumpanga mikono na kumtazama vizuri. Leo picha hizo zinatundikwa kwenye majumba ya sanaa Ulaya na Marekani. Karibu na kwetu, Omar Said Bakor wa Lamu alikuwa akiunganisha picha mbili tatu kuwa moja kwa mikono yake, bila kompyuta, mteja akaonekana mahali ambapo hakuwahi kukanyaga. Wote wawili walikuwa na vifaa ambavyo wewe usingekubali kupewa bure.

Chukua kwa Keïta lile shuka. Tundika kitenge au kanga kwenye kamba uani, upande wa kivuli, umweke dada yako mbele yake akiwa amevaa nakshi nyingine kabisa, na uone rangi zinavyogombana au kupatana. Ukitumia kanga, jina lake ama lisomeke lote ama lifichwe lote. Nusu ya jina inamkera mtazamaji, atakaa anakisia methali badala ya kutazama uso.

Jaribu pia kuangalia kutoka mahali ambapo macho ya watu hayafiki. Baada ya mvua ya masika, geuza simu kichwa chini ili lenzi iwe karibu kabisa na ardhi, uisogeze ukingoni mwa dimbwi kwenye barabara za Ngamiani. Dimbwi dogo litageuka ziwa, na nyumba nzima pamoja na baiskeli vitaonekana mara mbili. Au nenda kwa fundi cherehani, umpige mikono tu, sindano ikiwa imelengwa na kila kingine kimeachwa. Uso usioonekana unamfanya mtu aulize, na picha inayoulizwa hukaa akilini.

Jambo ambalo halina mjadala: omba ruhusa. Salimia, jieleze, kisha ndiyo utoe simu. Kina mama wengi wa pwani hawapendi kupigwa picha na mtu wasiyemjua, na mtoto wa mtu hapigwi bila mzazi. Ukikataliwa, sema asante na urudishe simu mfukoni; usijifanye unajipiga selfi huku unampiga yeye. Na vivuko, bandari na kambi za jeshi viache, utajiletea maneno.

Kuhusu kuhariri sina mengi. Programu ya Snapseed ni ya bure na inatosha. Nyoosha upeo wa bahari kama umelala, punguza mwanga wa sehemu zilizong'aa, rekebisha rangi kama ngozi imetoka ya njano kwa ajili ya taa, basi. Ukijikuta umetumia nusu saa kwenye picha moja, kuna kitu hakikuwa sawa wakati wa kupiga.

Simu nayo. Ukishafanya mazoezi haya na bado unahisi imekufunga mikono, hapo nenda dukani, lakini usibabaishwe na idadi ya kamera za nyuma. Kwenye simu za bei yako, kamera ya megapikseli 2 iliyobandikwa pembeni mara nyingi ni pambo. Uliza mambo mawili: kama kamera kuu ina kituliza mtikisiko cha lenzi yenyewe, na kama kuna hali ya kitaalamu inayokuruhusu kuweka kasi na mwanga kwa mkono. Halafu mwombe muuzaji asimame mlangoni mwa duka lake, mwanga wa barabarani ukiwa nyuma yake, umpige picha palepale kwa simu anayokuuzia na kwa ile uliyonayo. Linganisha mashavu yake. Kama hakuna tofauti ya maana, toka na hela yako, ununue stendi ndogo ya kushikilia simu.

La mwisho, kwa kuwa picha za harusi huishia kusambazwa kwenye kundi la familia: WhatsApp inabana picha na kuzipunguza ukubwa. Tangu 2023 kuna chaguo la HD, lakini nalo linabana, ila kwa unafuu. Ukitaka picha ifike kama ilivyotoka kwenye kamera, itume kama hati, kwa njia ileile unayotumia kutuma barua ya ofisi. Picha ya megapikseli 12 ina nukta 4000 kwa 3000, na inachapishwa kwa ukubwa wa A4 ikiwa safi kabisa. Ikishapita kwenye kundi na kupakuliwa huko ndipo ukaipeleka studio, usimlaumu mwenye mashine.